Mlinzi wa mtandao: Jinsi ya kusimamia seva ya ufuatiliaji kwa mstari wa amri

MNAMO Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma na kuizima. Mitambo mingine kituoni humo ikazidiwa na mzigo, nayo ikajizima. Kwa mujibu wa taarifa ya kampuni ya KenGen, zaidi ya megawati 180 zilipotea na nchi nzima ikakosa umeme. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Aliyekuwa Mombasa au Kisumu saa hiyo alijua jambo moja tu, kwamba taa zimezimika. Kutazama balbu hakungemwonyesha chanzo. Ilibidi mtu afuate mkondo wa umeme kuelekea ulikotoka hadi afikie kifaa cha kwanza kilichoshindwa.

Msimamizi wa mtandao wa tarakilishi hukabiliwa na swali hilo hilo: kati ya vifaa vyote vilivyonyamaza, ni kipi kilichotangulia? Programu za ufuatiliaji wa mtandao zilibuniwa ili kumsaidia kujibu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzisimamia kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika maagizo badala ya kubofya picha kwenye skrini.

Somo la Kiambere

Kiambere, katika eneo la Mbeere, Kaunti ya Embu, ndicho kituo cha mwisho katika mfululizo wa vituo vitano vya Mto Tana. Maji hutoka Masinga, yakapitia Kamburu, Gitaru na Kindaruma kabla ya kuifikia Kiambere. Kituo hicho kilianza kazi mwaka wa 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 144, ambao baadaye uliongezwa hadi megawati 168.

Kwa mpangilio huo, maji yakipungua Kiambere, sababu huenda isiwe Kiambere. Mwenye busara hutazama juu mtoni kwanza.

Vituo vya umeme vina mifumo yake maalumu ya udhibiti, ambayo si mada yetu leo. Hata hivyo, kanuni ya kutazama juu mtoni yafaa pia kwa mtandao wa shule, zahanati au ofisi ya serikali. Tuchukue mfano wa kubuni: zahanati iliyoko Kiambere hupata mtandao kupitia mlingoti ulioko Kiritiri, nao mlingoti huo hupata mtandao kutoka Embu mjini. Betri ya mlingoti wa Kiritiri ikiisha nguvu, zahanati nayo hunyamaza. Msimamizi asiyejua mpangilio huo atamtuma fundi hadi Kiambere, siku nzima ipotee, ilhali kasoro iko Kiritiri.

Programu zenyewe

Kwa mifano yetu tutatumia Nagios, ambayo ilianzishwa na Mmarekani Ethan Galstad mwaka wa 1999 kwa jina la NetSaint, kisha ikapewa jina la sasa mwaka wa 2002. Nyingine maarufu ni Zabbix, iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma mwaka wa 2001. Zote mbili zaweza kupatikana bila malipo ya leseni, na seva zake huendeshwa juu ya Linux.

Kazi ya programu hizi ni kuuliza na kuandika jibu. Kila baada ya muda fulani seva huuliza ruta, swichi na tarakilishi nyingine kama zi hai. Jibu likikosekana mara kadhaa mfululizo, hupiga kengele kwa barua pepe au ujumbe mfupi wa simu.

Kwa nini mstari wa amri?

Nagios ina ukurasa wake wenye rangi na majedwali, unaofaa sana siku za utulivu. Lakini siku ya dhiki, mtandao unapokwenda polepole, ukurasa huo huenda usifunguke. Maandishi matupu ya mstari wa amri hupita hata kwenye njia nyembamba, kwa kuwa data yake ni ndogo mno.

Msimamizi huifikia seva kutoka mbali kwa SSH, njia iliyobuniwa na Mfini Tatu Ylönen mwaka wa 1995, ambayo huyafumba mazungumzo yote ili mpitanjia asiyasome. Akishaingia, inafaa aandike kwanza:

screen

Amri hii hufungua chumba cha kazi kinachobaki wazi hata mawasiliano yakikatika. Akirudi, huandika screen -r na kuikuta kazi yake pale alipoiacha.

Amri za kila siku

Jambo la kwanza ni kujua kama mlinzi yuko macho:

systemctl status nagios

La pili ni kusoma daftari la matukio, ambalo huongezeka mstari mmoja baada ya mwingine kadiri mambo yanavyotokea:

tail -f /usr/local/nagios/var/nagios.log

Njia hiyo ya faili ni ya seva ambayo programu yake ilijengwa kutoka msimbo asilia. Aliyetumia kifurushi cha Debian au Ubuntu ataona jina nagios4, na faili zake za mipangilio zitakuwa katika /etc/nagios4.

La tatu, na ndilo linalosahaulika mno, ni kukagua mipangilio kabla ya kuitumia:

/usr/local/nagios/bin/nagios -v /usr/local/nagios/etc/nagios.cfg

Amri hii husoma faili zote na kutaja makosa yaliyomo pamoja na mstari ulipo. Haibadilishi chochote. Mabano moja yaliyosahauliwa yatosha kuizuia seva isiwake tena, na seva isiyowaka haitoi kengele. Ofisi itadhani kuna amani kumbe mlinzi amelala. Ukaguzi ukimalizika bila kosa, ndipo uandikwapo:

systemctl reload nagios

Kupima kwa mkono

Kengele inapolia, usiiamini wala usiipuuze kabla ya kupima mwenyewe. Vipimo vya Nagios ni vijiprogramu vidogo vinavyoweza kuendeshwa kimoja kimoja:

/usr/local/nagios/libexec/check_ping -H 10.20.3.1 -w 200,20% -c 800,60%

Maana yake ni hii: kiulize kifaa chenye anwani hiyo, jibu likichukua milisekunde 200 au asilimia 20 ya maulizo ikipotea, toa onyo, zikifika milisekunde 800 au asilimia 60, tangaza hatari.

Baada ya hapo, amri echo $? huonyesha nambari ya matokeo. Sifuri ni salama, 1 ni onyo, 2 ni hatari, na 3 maana yake kipimo chenyewe hakikuweza kujua hali. Nambari 3 isichanganywe na 2. Aghalabu huashiria kasoro katika kipimo au katika jinsi kilivyoandikwa, wala si katika kifaa kinachopimwa.

Umuhimu wa kuweka viwango vya onyo ulidhihirika Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini. Watumiaji wengi nchini Kenya hawakupoteza intaneti kabisa, bali kasi yake ilishuka mno. Seva inayouliza tu kama kifaa ki hai au kimekufa ingejibu kuwa mambo ni shwari, huku watu wakishindwa kufanya kazi.

Mzazi na mtoto

Kanuni ya kutazama juu mtoni huandikwa katika Nagios kwa neno moja. Katika maelezo ya kifaa cha Kiambere huongezwa mstari:

parents kiritiri

Na katika maelezo ya Kiritiri huandikwa kuwa mzazi wake ni Embu. Tangu hapo, Kiritiri ikinyamaza, seva itaandika DOWN kwa Kiritiri, yaani imeanguka, lakini kwa Kiambere itaandika UNREACHABLE, yaani haifikiki. Maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya safari moja ya fundi na safari mbili.

Aidha, msimamizi anaweza kuagiza kengele isilie kwa vifaa visivyofikika, kwa kuiondoa herufi u katika kipengele cha notification_options. Badala ya kupokea jumbe 40 usiku, atapokea mmoja unaotaja chanzo. Mtu anayeamshwa na jumbe 40 kila wiki mwishowe huzima simu, na hapo ndipo hatari ya kweli humpita.

Kunyamazisha kengele kwa utaratibu

Kazi za matengenezo zinapopangwa, kengele inyamazishwe kwa muda maalumu. Nagios hupokea maagizo hayo kupitia bomba la amri, ambalo ni faili ya aina ya pekee. Ili kuinyamazisha Kiritiri kwa saa mbili, yaani sekunde 7200, huandikwa:

sasa=$(date +%s)

mwisho=$((sasa+7200))

printf '[%s] SCHEDULE_HOST_DOWNTIME;kiritiri;%s;%s;1;0;7200;msimamizi;Betri mpya\n' $sasa $sasa $mwisho > /usr/local/nagios/var/rw/nagios.cmd

Ikiwa vifaa vilivyo chini ya Kiritiri navyo vinyamazishwe, jina la agizo huwa SCHEDULE_AND_PROPAGATE_HOST_DOWNTIME, na mengine hubaki vilevile.

Njia hii ina faida mbili. Kengele hurudi yenyewe muda ukiisha, na sababu hubaki imeandikwa pamoja na jina la aliyeagiza. Anayezima kengele moja kwa moja kwa kuhariri faili hutegemea kumbukumbu yake mwenyewe kuiwasha tena.

Tahadhari moja: hakikisha seva inaendelea kufanya kazi kabla ya kuandika ndani ya bomba. Ikiwa imezimwa na bomba limeondolewa, agizo lako litaunda faili ya kawaida mahali pake, na seva itapata taabu kulifungua bomba itakapowashwa.

Kusoma saa sawasawa

Nagios huandika muda wa kila tukio kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Ili kuzigeuza ziwe tarehe inayosomeka, hutumiwa:

perl -pe 's/(\d+)/localtime($1)/e' /usr/local/nagios/var/nagios.log

Seva iliyowekwa kwa saa za dunia, UTC, huwa nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ongeza na desturi yetu ya kuhesabu saa tangu macheo: 14:00 ya mashine ni saa nane mchana. Fundi akiambiwa kwa simu kuwa kasoro ilianza saa nane, na daftari linasema 11:00 kwa saa za dunia, wote wawili wanasema jambo moja. Wasiolijua hilo watatafuta matukio mawili.

Nani amlinde mlinzi?

Seva ya ufuatiliaji nayo ni tarakilishi, na huharibika kama nyingine. Diski ikijaa, daftari husimama. Amri df -h huonyesha nafasi iliyobaki. Seva ikipata umeme kutoka soketi moja na vifaa inavyovilinda, vyote vitazimika kwa pamoja na hakuna atakayearifiwa. Kwa hiyo iwe na betri yake.

Vilevile, kengele isipite katika njia ile ile inayochungwa. Barua pepe inayopaswa kutoka kupitia Kiritiri haitatoka siku Kiritiri itakapoanguka. Modemu yenye laini ya simu, iliyounganishwa na seva, hutuma ujumbe mfupi bila kuutegemea mtandao wa ofisi.

Hatimaye, tarakilishi ya pili, hata iwe kuukuu, ipangwe kuiuliza seva kila dakika tano kama ingali hai. Ikikosa jibu, yenyewe ipige kengele.

Usalama na sheria

Seva inayojua anwani za vifaa vyote ni hazina kwa mwizi. Kuingia kwa SSH kuwe kwa ufunguo badala ya neno la siri pekee, kila msimamizi awe na akaunti yake, na mamlaka makuu yatumiwe kwa sudo ili kila agizo libaki na jina la mtoaji. Nakala ya folda ya mipangilio ihifadhiwe katika mashine nyingine.

Aidha, pima vifaa vya taasisi yako tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mifumo ya wengine bila idhini, na kisingizio cha ufuatiliaji hakitakuwa ngao.

Zoezi la mwisho ni la makusudi: siku ya kazi chache, chomoa waya wa kifaa kimoja kisicho muhimu na uhesabu dakika hadi kengele ilie. Isipolia, kasoro imepatikana kabla ya dharura. Kisha chapisha amri zilizotajwa hapa, pamoja na mchoro wa mzazi na mtoto wa mtandao wako, ubandike karatasi hiyo ukutani karibu na seva. Siku mtandao utakapozimika, maelezo yaliyohifadhiwa mtandaoni hayatafikika, na karatasi ndiyo itakayosomwa.