Dibagha: Istilahi ya Kuigeuza Ngozi Mbichi

Ngozi ya mnyama aliyekwisha chunwa huanza kuoza ndani ya saa chache, hasa katika nchi za joto, kwa sababu bakteria walio juu yake na vimeng'enya vilivyomo ndani yake hupata maji, protini na joto kwa pamoja. Kila anayetaka kuidumisha, awe mwenye kiwanda au mtu anayejishughulisha na taksidemia nyumbani kwa mapenzi yake tu, hukabiliwa na kazi mbili ambazo kwa nje hufanana: ya kwanza ni kuuzuia uozo kwa muda, na ya pili ni kuigeuza ngozi yenyewe hata isirudi tena katika hali ya kuoza. Kiswahili cha kila siku huzitaja kazi hizi kwa maneno yanayoingiliana, na mwanafunzi wa ufundi huu hulipia mwingiliano huo kwa ngozi zinazomharibikia mikononi. Makala haya yanahusu jina la kazi ya pili, na yanapendekeza liwe dibagha.

Taksidemia ni ufundi wa kuivisha ngozi halisi ya mnyama, pamoja na manyoya yake, juu ya umbo lililofinyangwa au kuchongwa, ili mnyama aonekane kama alivyokuwa hai. Wengine huuita kujaza wanyama, lakini jina hilo limepitwa na wakati, maana kujaza majani makavu ndani ya ngozi iliyoshonwa si njia ya mafundi wa leo. Carl Akeley, Mmarekani ambaye jina lake limepewa ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa mwaka 1936 katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, alifinyanga kwanza misuli ya mnyama kwa udongo akifuata vipimo vya mwili wenyewe, kisha akaivisha ngozi juu ya kiunzi chepesi kilichotokana na umbo hilo. Ngozi iliyovishwa kwa namna hiyo haina pa kuficha kasoro: isipotengenezwa vizuri, husinyaa kadiri inavyokauka, mishono ikafumuka, masikio yakajikunja na midomo ikavutika hadi sura ya mnyama ikapotea.

Chanzo cha yote haya ni kolajeni, yaani protini yenye nyuzi ndefu ambayo ndiyo sehemu kubwa ya tabaka la kati la ngozi. Kila molekuli ya kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, na katikati ya nyuzi zake mna maji. Maji hayo yakitoka kwa kuanikwa, nyuzi hugandana na ngozi huwa ngumu na yenye kukatika. Yakirudi, hulegea tena, na bakteria wakapata chakula chao kama mwanzo. Ngozi mbichi ikitiwa katika maji yenye joto la nyuzi 60 hadi 65 za Selisiasi, msokoto huo hufumuka na ngozi husinyaa ghafla. Kuitengeneza ngozi kwa maana kamili ni kuingiza kati ya nyuzi kitu kinachozishika na kuzifunga, ili zisigandane zikikauka, zisioze zikilowa, na zistahimili joto kubwa zaidi ya hilo.

Maneno yaliyopo katika Kiswahili yanagusa pembeni mwa maana hiyo. Kuanika na kuwamba yanaeleza ukaushaji tu, la pili likiongeza wazo la kuivuta ngozi kwa vigingi au fremu ili isijikunje. Kutia dawa ni neno la mafundi, nalo lina joto la ufundi ndani yake, lakini huichukua chumvi, boraksi, asidi na tanini bila kubagua, kwa kuwa zote ni dawa. Kusindika, linalotumika sana Tanzania katika habari za viwanda, lilianza kwa maana ya kukamua mbegu au miwa na sasa limeenea hadi maziwa, nyama na matunda. Ni neno zuri kwa mfululizo mzima wa kazi, tangu kuchuna hadi kupiga rangi, na kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kuitaja hatua moja iliyo moyo wa mfululizo huo.

Dibagha ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo wasomaji wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, katika pwani ya Afrika Mashariki wanalijua kutoka katika mlango wa twahara, mahali panapojadiliwa namna ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa inavyotwaharika. Kinachostahili kuzingatiwa na mwanaistilahi ni ukali wa fasili yake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani, na kama ilivyoelezwa katika kitabu cha Minhaj cha Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, dibagha ni kuondoa mabaki yanayoozesha ngozi kwa kitu kikali chenye kukaza, wala haitimii kwa jua au vumbi. Wafafanuzi wakaongeza kipimo chake: ngozi iliyodibaghiwa ni ile ambayo hata ikilowekwa majini, uvundo na uharibifu hauirudii. Wanazuoni hao hawakuwa na habari ya kolajeni, lakini walikitambua kwa uhakika kitu ambacho kemia ilikuja kukieleza, kwamba ukavu si badiliko na kwamba maji ndiyo shahidi. Ni vigumu kupata katika msamiati wa Kiswahili neno jingine linalokuja na kipimo chake tayari mkononi.

Kipimo hicho ndicho kinachomfaa mtengenezaji wa nyumbani kuliko maelezo mengi. Akichuna sungura, huanza kwa kukwangua nyama na mafuta yote upande wa ndani, kwa kuwa chumvi haipenyi mafuta. Kisha huifunika ngozi kwa chumvi laini kwa wingi, akaibadilisha baada ya siku moja. Chumvi huvuta maji na kuwatia bakteria udhaifu, na ngozi iliyotiwa chumvi ikakauka huweza kukaa kwa muda mrefu, lakini ikilowekwa huwa mbichi kama mwanzo. Baadaye huilainisha kwa maji na kuiloweka katika asidi nyepesi iliyochanganywa na chumvi. Chumvi hapa si ya kuhifadhi tu: asidi peke yake huivimbisha kolajeni hata ngozi ikaharibika, kwa hiyo gramu 100 au zaidi kwa kila lita ya maji ndiyo kinga. Asidi huua bakteria, huyeyusha protini zisizo za nyuzi na kuifungua ngozi ipokee kitakachofuata, lakini nayo si dibagha. Mwanafunzi anayeona ngozi yake imekuwa nyeupe, safi na isiyonuka baada ya hatua hii hudhani kazi imekwisha, naye amefika mlangoni tu.

Vitu vinavyodibaghi, ambavyo vinaweza kuitwa vidibaghi, ni vya koo kadhaa. Ukoo wa kwanza ni tanini, ile dutu ya mimea inayokausha ulimi mtu anapotafuna ganda la komamanga au tunda lisiloiva. Afrika Mashariki ina historia ndefu nayo: magome ya mikoko ya delta ya Rufiji na ya Lamu yalisafirishwa ng'ambo kwa viwanda vya ngozi, na miwati, miti yenye asili ya Australia, ilipandwa katika nyanda za juu za Kenya na Njombe kwa ajili ya magome yake. Tanini hujifunga kwenye kolajeni sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ikaitia rangi ya hudhurungi na kuipa uzito. Ukoo wa pili ni chumvi za kromiamu, ambazo Augustus Schultz wa New York alizipatia hataza mwaka 1884. Ngozi iliyodibaghiwa kwa kromiamu huweza kustahimili maji yanayochemka, nayo ndiyo inayotawala viwandani, ingawa maji taka yake hayafai kumwagwa katika mfereji wa nyumba.

Shabu inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayopatikana dukani kwa bei nafuu na ndiyo inayozua utata. Ni chumvi ya alumini, huiacha ngozi nyeupe na manyoya yakiwa na rangi yake, kwa hiyo wapenzi wa taksidemia huipenda. Hata hivyo kifungo chake na kolajeni ni dhaifu, na ngozi ikilowekwa kwa muda, shabu hutoka na ubichi hurudi. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu walitofautiana kama kidibaghi kinachotajwa katika maandiko ya kale kisomwe shabb, yaani shabu yenyewe, au shathth, mmea mchungu. Fiqhi ya Shafii ikavipokea vyote viwili. Hapa matumizi yanakipita kipimo, na istilahi lazima iseme hivyo waziwazi: inafaa kuiita kazi hiyo dibagha ya shabu, si dibagha bila sifa, ili anayetengeneza zulia litakalofuliwa asichague njia inayomfaa yule ambaye ngozi yake itakaa kavu juu ya kiunzi.

Baada ya dibagha huja mafuta na kulainisha, yaani kuivuta na kuisugua ngozi inapokaribia kukauka. Mafuta hayaibadilishi kolajeni kwa namna hiyo. Huziwezesha nyuzi kuteleza. Ngozi iliyodibaghiwa ikiwa ngumu, kosa kwa kawaida liko katika kulainisha, na kuitia tena kidibaghi hakusaidii. Ngozi inayonyonyoka manyoya ni tatizo jingine kabisa, kwani uozo ulikwisha kufika kwenye mizizi ya nywele kabla ya chumvi, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuyarudisha.

Mbuzi, kondoo na sungura wa kufugwa hutosha kwa mazoezi haya yote. Ngozi za wanyamapori huhesabiwa Tanzania kuwa nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu kujulikana asichunwe kabisa, kwa kuwa vimelea vya kimeta humwingia mchunaji kupitia mikwaruzo ya mikono yake kabla dibagha yoyote haijaanza.