Iringa ya Kwanza Ilikuwa Kalenga



Mtu akituuliza Kalenga iko wapi, wengi hujibu, "Nje kidogo ya Iringa mjini, kama kilomita 15." Jibu hilo ni sahihi kwa dereva wa daladala. Kwa historia limekaa kichwa chini miguu juu. Kalenga ndiyo iliyokuwa Iringa, na mji tunaouita Iringa leo ulikuja baadaye, ukachukua jina.

Kwa Kihehe, lilinga ni boma, yaani ngome yenye ukuta. Mtwa Mkwawa, ambaye jina lake refu la Mkwavinyika humtaja kama mtwaaji wa nchi, alijenga lilinga lake Kalenga kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwa mawe na udongo. Wageni waliolisikia neno hilo waliliandika kwa kadiri ya masikio yao, na ndipo ikapatikana "Iringa".

Habari za Lugalo tunazijua tangu shule ya msingi: tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski kilimalizwa, naye mwenyewe akauawa. Yaliyofuata hatuyasimulii sana. Wajerumani walirudi na mizinga chini ya Gavana von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja Kalenga. Mtwa aliponyoka, akapigana porini karibu miaka minne, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojiua Mlambalasi asikamatwe.

Ilipofika mwaka 1896 Mtwa alikuwa bado porini. Mwaka huo Tom von Prince alianzisha boma jipya juu ya mlima, mahali mji ulipo sasa, na Wajerumani wakaliita Neu-Iringa, maana yake Iringa Mpya. Baada ya muda neno "Mpya" likadondoka na jina likabaki huko juu. Wakamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala, wakidhani watu watamfuata. Mwanzoni mwa 1897, baada ya wiki chache tu, walimnyonga wakimshuku kumsaidia kaka yake. Binafsi naona Mpangile amesahauliwa kupita kiasi.

Ukitaka kuisoma historia hii bila kitabu, sikiliza majina ya mahali. Kitanzini, katikati ya mji, wazee hulieleza kuwa ni mahali pa kitanzi, yaani pa kunyongea watu. Tosamaganga ni "tupa mawe", na wapo wanaosema mawe hayo ni makombora yaliyoelekezwa Kalenga. Gangilonga ni jiwe linaloongea. (Vijana hupanda pale kupiga picha jua likizama. Sijui jiwe huwaambia nini.) Wenzetu wa Mbeya nao wana lao: jina la mji wao hutajwa kuwa limetokana na neno la Kisafwa la chumvi, kwa sababu ya biashara ya chumvi iliyofanyika huko.

Mji mpya ulikusanya watu wengi: Wahehe, Wabena, Wakinga wenye maduka, Wahindi, Waarabu, hata Wagiriki waliolima tumbaku. Kalenga ilibaki na mashamba yake, na makaburi.

Heshima ilirudi kwa sehemu mwaka 1954. Fuvu la Mkwawa, lililotajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lililetwa na Gavana Twining kutoka Bremen na kukabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Limo katika makumbusho ya Kalenga hadi leo.

Ukuta haukupata bahati hiyo. Nikiwa mtoto tulipita juu ya tuta tukienda mtoni, tukidhani ni udongo tu. Bibi mmoja ndiye aliyetukemea: "Mnakanyaga lilinga!" Yeye hayupo tena, na tuta lile nalo limepungua. Mvua imechukua sehemu yake, na jembe limechukua sehemu yake. Simlaumu mkulima, kwa maana hakuna kibao kilichomwambia anacholima ni nini.

Ndiyo maana mwaka huu sehemu ya mchango wenu tunaiomba kwa kazi mbili: kuweka vibao pale ukuta ulipopita, kwa kushauriana na watu wa mambo ya kale, na kuwarekodi wazee wanaojua majina ya vilima, vijito na mashamba ya Kalenga kwa Kihehe. Kazi ya pili haiwezi kungoja mwakani. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka, au picha ya zamani ndani ya sanduku, amwone katibu siku ya harambee. Picha itanakiliwa hapo hapo na kurudishwa.