Kujitolea kwa timu za mpira Kalemie

Mpira wa Kalemie, mji wa Kongo, ulikua pamoja na reli na bandari. Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga ngome ya Albertville, jina la zamani la Kalemie, mwishoni mwa 1891, na reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo ikafika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Katika miaka ya mwanzo kampuni zilitafuta wanaume wa mkataba, waliokuja bila wake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière huko Katanga ya kusini ilianza kupendelea mfanyakazi mwenye mke na watoto, na kampuni nyingine zikafuata. Kambi za wafanyakazi zikawa na kaya za aina mbili, na kila aina iliifaa timu kwa njia yake.

Kapera ana muda. Ndiye anayesafiri na timu, kubeba mipira na kushangilia hadi sauti imkauke. Baba mwenye familia hawezi kulala nje ovyo, lakini nyumba yake inajulikana, kwa hiyo huaminiwa ukatibu au utunzaji wa fedha za michango. Mama wa nyumba hiyo ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote. Jumapili jioni huletewa furushi la jezi zenye jasho na mchanga. Hununua sabuni, huzifua katika beseni na kuzianika zote kwenye kamba moja. Wageni wakija, huwapikia bukari (ugali) na ndagala (dagaa). Watoto huchota maji ya wachezaji.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Mobutu iliamuru salongo, kazi za pamoja za kila wiki. Salongo haihesabiwi kuwa kujitolea kama kazi ya kaya hizi, kwani mtu alilazimishwa.

Mwaka 1974 CFL iliunganishwa na reli nyingine za taifa. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1990 ulipoua thamani ya mishahara, na kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikafungwa, mzigo wa timu uliobebwa awali na kampuni uliangukia mitaa. Mapigano ya Watwa na Waluba ya 2016 na 2017 yalileta wakimbizi wengi wa ndani mjini. Miongoni mwao, kaya inayoongozwa na mama peke yake haina fedha ya kuchangia wala Jumapili ya kupumzika. Ikiitolea timu saa moja, imetoa kikubwa.

Madaftari ya timu huandika rais, katibu na mtunza hazina. Viongozi na waandike pia majina ya wanaofua na kupika.