Siku Saba za Rafiki

Kwenye sinema nyingi za Marekani nilizokulia, kijana huwaketisha wazazi sebuleni, anajitangaza, wanalia, yanaisha. Katika Rafiki ya Wanuri Kahiu, Kena na Ziki hawamtangazii mtu. Wanafumaniwa, watu wa mtaa wanawapiga, wanaishia polisi. Hiyo ndiyo Nairobi ninayoijua: siri yako hutangazwa na wengine.

Aprili 2018 bodi ya filamu iliipiga marufuku. Kahiu alisema walitaka abadilishe mwisho, eti una matumaini mno. Septemba, Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba, kwa watu wazima, ili itimize masharti ya Oscar. Kumbi zikajaa, tiketi zikaisha. Kipigo watu walishakijua, jamani. Nadhani walifuata ule mwisho.