Waliotumwa Bila Mkoba

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana Yesu anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili, na masharti anayowapa ni magumu. Wasichukue mfuko wala mkoba. Wakae katika nyumba moja, wasihamehame. Wale kile watakachoandaliwa. Tunapoihubiri sura hii, kwa kawaida tunamtazama yule anayetumwa. Lakini sisi Wakristo wa Korogwe na Handeni tuna sababu ya kuisoma tukiwa ndani ya ile nyumba inayobishiwa hodi, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka mia moja sisi ndio tuliopokea wageni.

Hata leo wanakuja. Ni vijana wa vyuo kutoka nchi za mbali, wengine kwa mipango ya kubadilishana wanafunzi, wengine kwa mafunzo kwa vitendo hospitalini, wengine kujitolea kufundisha katika shule zetu. Wanakaa majuma kadhaa au miezi michache, wanapigiwa ngoma ya kuwaaga, wanaondoka. Kisha tunaulizana, mara nyingi kwa sauti ya chini: wametuachia nini, nasi tumewapa nini? Swali hilo si geni. Historia ya Kanisa letu imekwisha kulijibu kwa sehemu.

Kanisa Anglikana katika nchi hii lilianza kwa wito uliotolewa mbele ya wanafunzi. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, akawataka vijana wasomi waje Afrika. Kutokana na wito huo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake, UMCA. Vyuo vilivyoiunga mkono mwanzoni vilikuwa Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Waliojiunga nayo hawakulipwa mshahara, bali matunzo na posho ndogo tu, na walitakiwa wawe hawajaoa wala kuolewa.

Kundi la kwanza halikufika kwetu. Askofu Charles Mackenzie, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge, aliliongoza mwaka 1861 hadi Magomero, katika nchi ya Malawi ya sasa. Walikuwa na moyo mkubwa na maarifa machache ya mahali walipofika. Muda si mrefu wakajikuta ndani ya mapigano ya wenyeji na wafanyabiashara wa watumwa. Mtumbwi ulipopinduka wakapoteza dawa zao, na Januari 1862 Mackenzie akafa kwa homa. Mwaka 1864 mrithi wake, Askofu Tozer, aliihamishia misheni Unguja ianze upya. Hatuwacheki marehemu. Tunasema tu kwamba kujitolea peke yake hakukutosha.

Njia ya kuja kwetu ilikuwa tofauti. Mwaka 1867 Padri Charles Alington alipanda Usambara hadi Vuga, kwa watawala wa Kilindi, kuomba ruhusa. Hakuanza kwa kujenga, alianza kwa kubisha hodi. Kutokana na safari hiyo misheni ilipata mahali pa kukaa Magila, katika nchi ya Bonde, ambayo leo ni Wilaya ya Muheza. Mwaka 1875 wakafika John Farler na Herbert Woodward, nao wakakaa muda mrefu. Kutoka Magila kazi ilisogea magharibi hadi Korogwe, kando ya Mto Pangani, kisha ikaingia Uzigua hadi Kideleko, karibu na mji wa Handeni.

Huko Uzigua tunaona mfano wa mgeni aliyekubali kufundishwa. Walter Kisbey, mmoja wa wamisionari hao, alitoa kitabu cha mazoezi ya Kizigua mwaka 1897, na mwaka 1906 kamusi ya Kizigua na Kiingereza. Juu ya jalada kuna jina moja. Lakini hakuna mtu anayeandika kamusi ya lugha asiyozaliwa nayo bila walimu. Kila neno katika kamusi ile lilitamkwa kwanza na Mzigua, likarudiwa mgeni alipokosea, likaelezwa tena alipoelewa nusu. Walimu wale walikuwa wakulima, akina mama waliochota maji, na watoto waliokuwa na muda wa kucheka makosa yake. Tukihesabu waliojitolea katika kazi ile, tuwahesabu na wao.

Wala safari hazikuwa za upande mmoja. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni Unguja, alipelekwa Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Aliporudi alihudumu upande wa kusini mwa nchi, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo Kanisa lilijua kwamba mwanafunzi anaweza kutoka Ulaya kuja huku, na anaweza pia kutoka huku kwenda Ulaya, akarudi akiwa mtumishi wa watu wake.

Kisha likaja jaribu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Wamisionari Waingereza wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Wale wageni waliozoeleka kwa miaka mingi, wenye shule, zahanati na altare, hawakuwapo tena. Hapo ndipo palipoonekana walichoacha. Ibada na mafundisho yakabaki mikononi mwa mapadri, walimu na waumini Waafrika. Nao hawakusalimika, kwa kuwa wengi walishukiwa kuwasaidia Waingereza, wakafungwa na kuteswa. Padri Samuel Sehoza alieleza mateso hayo katika kitabu chake *Mwaka katika Minyororo*, kilichotoka mwaka 1921. Majeshi ya Waingereza yalifika Korogwe na Handeni Juni 1916, na yalikuta Wakristo bado wapo. Imani ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wenyeji, wala haikuhitaji mgeni wa kuishikilia.

Hicho ndicho kipimo tunachokipata katika historia yetu. Thamani ya mgeni aliyejitolea haionekani siku ya kumpokea, wala siku ya kumuaga. Inaonekana baada ya kuondoka kwake, katika yale ambayo wenyeji wanaweza kuyafanya bila yeye.

Tukichukua kipimo hicho na kukileta katika siku zetu, tunaona mema. Kwamkono, wilayani Handeni, ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, yenye historia ndefu ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu. Wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo wamefika huko kujifunza. Aliyezoea mashine nyingi huona jinsi mganga na muuguzi wanavyosoma ugonjwa kwa macho, kwa mikono na kwa kumsikiliza mama wa mtoto. Hiyo ni shule, na walimu wake ni watu wetu.

Korogwe nako kipo kituo cha utafiti wa malaria cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho kimeshirikiana kwa miaka mingi na vyuo vikuu vya nje. Kilikuwa kimoja cha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Homa iliyowaua vijana wa vyuo vikuu katika karne ya 19 imepata chanjo ambayo majaribio yake yaliongozwa hapa na watafiti Watanzania, na ambayo wazazi wa vijiji vya Korogwe waliwatoa watoto wao kwa hiari ili ijaribiwe. Nao tuwaandike katika orodha ya waliojitolea.

Lakini tusifiche yanayotusumbua. Yupo mgeni anayepewa darasa ambalo kwao asingeruhusiwa kulishika, au mgonjwa ambaye kwao asingeruhusiwa kumgusa. Yupo anayempiga picha mtoto wa watu bila kumwuliza mzazi. Na sisi wenyeji tuna kosa letu: tunamweka mgeni kwenye kiti cha mbele, tunamkatalia jembe, kisha tunalalamika kwamba hakulima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kumpa mgeni jembe ni kumheshimu, maana ni kumfanya mtu wa nyumbani.

Kubwa zaidi ni kwamba neno kubadilishana limepoteza maana yake. Kijana wa Ulaya hufika Handeni kwa urahisi kuliko kijana wa Handeni anavyoweza kufika Ulaya. Pasipoti, viza, nauli na uthibitisho wa fedha benki humkwamisha kabla hajafunga sanduku. Mpango unaoleta kumi na kupeleka sifuri tuuite ziara, hata kama ni ziara njema.

Kwa hiyo parokia inayoletewa ombi la kupokea wanafunzi ina haki ya kuuliza. Je, atakaa muda wa kutosha kujifunza salamu na lugha? Nani mwenyeji atakayemsimamia, na je, mgeni yuko tayari kusimamiwa? Kazi atakayoifanya, nani ataiendeleza? Na je, lini kijana wetu naye atapelekwa? Tukiuliza hivyo hatukosi ukarimu. Alington aliuliza kabla ya kuingia. Nasi tuulize kabla ya kufungua.

Wale sabini walirudi kwa Bwana wakiwa na furaha, wakieleza mambo makubwa waliyoyafanya. Bwana hakuikana kazi yao, ila aliwaambia wasifurahie hayo, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Vijana wetu wageni nao watarudi kwao na taarifa ndefu. Waende na amani. Sisi tunawaombea, na tunawaombea pia wale ambao majina yao hayamo katika taarifa hizo: waliowafundisha Kizigua na Kiswahili, waliowapikia ugali, waliowaonyesha njia ya kisimani. Tunaamini majina hayo nayo yameandikwa.