Jua Lipo, Stima Haipo

Wanangu, mnaukumbuka usiku wa 25 Agosti 2023? Ijumaa, tuko Mama Ngina na mihogo yetu ya pilipili, mara saa nne kasorobo hivi giza. Tukadhani ni Mombasa tu. Kumbe Kenya karibu nzima.

Kesho yake jua linachoma. Mjomba wangu wa Mji wa Kale ana sola juu ya paa, nikaenda kwake kuchaji simu. Nafika, friji imezima, samaki wanayeyuka. "Nimeuziwa takataka," akaniambia.

Hapana. Aliuziwa kitu kizima, ila hakuelezwa. Inverta ndilo sanduku linalogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Ile iliyoungwa kwenye gridi bila betri hufuata mapigo ya gridi, 50 kwa sekunde. Gridi ikifa, nayo hujizima makusudi, isije ikamuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya hauna moto.

Sasa rudi nyuma. Mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa hapa Mombasa, alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, ikazaliwa kampuni ya umeme ya mji huu. Ikizima, giza ni lenu wenyewe. Mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi, ikawa East African Power and Lighting. Miaka ikaenda, nyaya zikaunganisha nchi. Tukapata stima ya Olkaria na ya mto Tana, lakini hitilafu ya mbali nayo ikawa giza letu.

Wengi tulidhani sola inaturudisha 1908, kila mtu na mtambo wake. Bila betri, bado umefungwa kamba ile ile.

Na hata gridi ikiwa sawa, sanduku hilo ndilo hutangulia kufa. Paneli hufika miaka 25, inverta mara nyingi 10 hadi 15. Joto huipunguzia umri, na hewa yetu ya chumvi hula chuma. Iweke kivulini, penye upepo.

Mimi chuo niliacha, lakini hili halihitaji digrii. Kabla hujatoa pesa, muulize fundi: stima ya nje ikipotea, inverta hii itafanya nini? Akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni.