Bei ya Herufi: Historia Fupi ya Kipimo cha Ujumbe wa Simu

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba bei ya ujumbe mfupi wa simu, ambao hapa Goma huitwa mesaje, si jambo la biashara peke yake. Ndani yake mna uamuzi juu ya maandishi ya lugha, na uamuzi huo ulipitishwa mbali na lugha zetu.

Mwaka 1985, mjini Bonn, mhandisi Friedhelm Hillebrand alipiga chapa sentensi za kila namna, akahesabu herufi na nafasi zake, akaona kwamba 160 zatosha kwa habari ya kawaida. Ujumbe ulipangiwa kupita katika njia ambayo mtandao huitumia kupashana ishara na simu, na humo palikuwa na nafasi ya baiti 140 tu. Kila herufi ilipopewa biti 7 badala ya 8, herufi 160 zikaenea. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Kwa kuwa njia hiyo ilikwisha kuwapo, kupeleka ujumbe kuliyagharimu makampuni fedha kidogo mno. Bei ilifuata soko kuliko gharama.

Basi, biti 7 hutoa nafasi 128 tu. Nafasi hizo zilijazwa alfabeti ya Kilatini, tarakimu, baadhi ya herufi za Kigiriki na za lugha chache za Ulaya. Herufi é na è zimo. Ê na ô hazimo, wala ɛ na ɔ za Kilingala sanifu. Ikiingia herufi moja tu ya nje, ujumbe mzima huandikwa kwa biti 16 kila herufi, na kipimo hushuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, na kwa kawaida kila kipande hutozwa kama ujumbe kamili. Kwa hiyo mwalimu aandikaye Kifaransa chenye herufi 150 hulipia ujumbe mmoja akikosea kwa kuandika etre, na hulipia mitatu akiandika être kama ipasavyo.

Kipimo hicho kilifika nchini pamoja na makampuni yenyewe: Celtel mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002. Sheria mbili za tarehe 16 Oktoba 2002 ziliratibu mawasiliano na kuunda mamlaka ya udhibiti, ARPTC.

Je, Kiswahili kilipataje kusalimika? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaeneza tahajia ya herufi za Kilatini zisizo na alama. Lau tungaliendelea kuandika kwa herufi za Kiarabu, kipimo chetu kingalikuwa 70. Tena muundo wa lugha yenyewe huokoa nafasi: hatutawaonyesha ni herufi 15, ilhali nous ne leur montrerons pas huchukua nafasi 27. Mtego mmoja umebaki, nao ni ng'. Alama iliyonyooka imo katika orodha. Iliyopinda, ambayo simu nyingine huiweka zenyewe, haimo. Ng'ombe mmoja aweza kuongeza bei ya barua nzima.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na yaiagiza serikali kuziendeleza bila ubaguzi. Lakini mtandao hubagua kimyakimya: anayeandika Kilingala kwa usahihi hutozwa zaidi ya anayeiharibu tahajia yake. Twaona hapa mambo mawili. Kwanza, wanaotunga tahajia za lugha za Kivu, kama Kinande na Kihunde, hawana budi kujua kwamba kila alama waichaguayo ina bei. Pili, si haki gharama hiyo kumwangukia mwandishi asiyeijua. Yafaa mpelekaji aonyeshwe, kabla ya kupeleka, ni ujumbe mangapi atakaolipia na ni herufi gani iliyoupandisha.